Ndege Zinatua Eldoret Zimejaa, Zinatoka Tupu

Leo tunabonga uwanja wa ndege wa Eldoret. Na kabla useme "mimi husafiri na matatu, hiyo stori hainihusu", tulia kidogo. Hii stori inakuhusu hata zaidi kama hujawahi kanyaga ndege, kwa sababu hapa sibongi sana kuhusu watu. Nabonga kuhusu mzigo.

2024 sisi wote tulikuwa wataalamu wa viwanja vya ndege. Kila msee mtaani alikuwa anajua habari ya Adani na JKIA, ile miaka 30, nani atakula nini. Septemba wafanyakazi wakagoma, abiria wakalala juu ya mabegi, na tarehe 21 Novemba Rais akasimama Bungeni akasema mpango umefutwa. Fiti sana. Lakini wewe uligundua kitu? Kelele yote ilikuwa ya JKIA. Hakuna mtu aliuliza mbona nchi nzima inategemea mlango mmoja, na mbona ile milango mingine iko tu pale, imepakwa rangi, imeandikwa "International" kwa herufi kubwa, halafu kimya.

Sasa mlango wetu sisi watu wa Sisibo uko barabara ya Kapsabet, kama kilomita 16 kutoka taoni. (Kama wewe ni mgeni: Sisibo ni Eldoret. Wazungu walikuwa wamepima mashamba kwa namba, taoni ikakalia shamba la 64, wazee wakatamka hiyo sixty-four vile ulimi uliwaruhusu, jina likabaki.) Uwanja ulijengwa wakati wa Moi, ukaanza kazi 1997. Na ulijengwa kwa vita. Wafadhili walikuwa wanauliza wazi: nani anahitaji uwanja wa kimataifa katikati ya mashamba ya mahindi? Wakenya wengi pia walisema Mzee anajijengea nyumbani. Sitakuja hapa kuwatetea waliokuwa serikalini, hiyo miaka ya tisini pesa ya umma ilikuwa inaliwa mchana. Lakini simiti haina chama. Ikishamwagwa imemwagwa, swali linakuwa utaifanyia nini.

Na kusema ukweli, ule uwanja si mchezo. Njia ya kurukia ndege ina urefu wa karibu kilomita 3.5. Ndege kubwa ya mizigo inatua pale bila wasiwasi. Agosti 7, 2013, JKIA iliposhika moto na ndege zikakosa pa kushuka, Eldoret ilikuwa moja ya viwanja vilivyopokea, pamoja na Mombasa na Kisumu. Siku hiyo hakuna aliyeuliza uwanja wa mahindi ni wa nini.

Upande wa abiria nitaupitia haraka. Jambojet inakuja kutoka JKIA, Skyward inatoka Wilson, safari ni chini ya saa moja. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300, na ukipata lori zimepanga foleni Salgaa ama ukungu umeshuka Timboroa, andika saa 7 ama 8. Wanariadha wetu wakirudi na medali, hapo ndipo wanapokelewa na mursik kwa kibuyu, nyimbo, kamera, gavana, kila mtu. Video hizo umeziona. Kile huoni kwa video ni kwamba huyo bingwa alitoka nje ya nchi akashuka Nairobi kwanza, ndio akabadilisha ndege. Uwanja unaitwa wa kimataifa, lakini mtu wa kawaida hawezi kununua tikiti ya kutoka hapo moja kwa moja kwenda nchi nyingine.

Mwaka jana nilimsindikiza kazin yangu, alikuwa ameitwa kazi Ghuba. Anatoka Mosoriot. Kwa hivyo alipita geti la uwanja wa kimataifa akiwa na begi lake, akaendelea hadi taoni, akatafuta matatu ya usiku ya kumpeleka uwanja mwingine wa kimataifa. Tulifika Nairobi alfajiri na mapema, ndege yake ilikuwa mchana. Tukakaa hapo nje tukila mandazi, yeye akiuliza kila dakika kumi kama pasipoti bado iko mfukoni. Wengi wakisikia stori kama hiyo wanasema dawa ni kuleta ndege za abiria za kwenda Dubai na Doha kutoka Eldoret. Mimi nasema hapo tunashika mkia tukidhani ni kichwa.

Kichwa ni mzigo.

Kwa miaka mingi ndege za mizigo zimekuwa zikitua Eldoret zikitoka Ghuba na Asia. Zimebeba nini? Simu, kava za simu, vitambaa, nguo, spea, vifaa vya stima. Mzigo mwingi wala haukai Eldoret. Unashushwa, unalipiwa ushuru, unapakiwa kwa lori, unaenda zake hadi Isli na Luthuli. Inawezekana hiyo simu unasomea hii stori ilipitia Kapseret kabla ikufikie. Halafu ndege ikishamaliza kushusha, inafanya nini? Inafunga milango na kuruka tupu. Na nyingine zimekuwa zikiruka tupu hadi Nairobi, zishuke pale zipakie maua na mboga, ndio ziende Ulaya.

Soma hiyo sentensi tena polepole. Sasa ongeza hii. Uasin Gishu na Trans Nzoia kuna mashamba ya maua, ya waridi kabisa, na hayo maua yanaenda kupandia ndege wapi? Nairobi. Kwa lori.

Hii sikuambiwa na mtu wa kamati. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa, na sai nakula kwa kamera: harusi, mazishi, video za mashamba. Shamba moja la maua liliniita niwachukulie video ya kutangaza. Nikakaa nao siku nzima. Waridi linakatwa asubuhi, linawekwa kwa maji, linaingia chumba baridi, linapangwa kwa rangi na urefu, linafungwa, linarudi baridini, na jioni lori lenye friji linafunga mlango na kuanza safari ya Nairobi. Dereva aliniambia kazi yake si kuendesha, ni kusali jenereta ya friji isizime kabla ya Naivasha. Ua likishapata joto, hata ukilirudisha baridini limeshahesabu siku zake. Mteja Ulaya analipa kwa siku ambazo ua litakaa mezani kwake, na siku moja ya hizo sisi tumeiacha barabarani.

Kwa hivyo kuna usiku ambao lori la maua ya huku liko Gilgil likielekea Nairobi, na juu yake angani inapita ndege tupu iliyotoka huku, ikielekea Nairobi kuchukua maua. Si lazima yawe usiku mmoja na ndege moja, lakini hesabu yake ni hiyo.

Na usifikirie hasara ni ya tajiri mwenye shamba pekee. Mwenye ndege hafanyi kazi ya kanisa. Kama anajua atarudi tupu, gharama ya kurudi anaiweka kwa bei ya kuja. Anayelipa ni mwenye mzigo, na mwenye mzigo anakurudishia wewe kwa duka. Ukinunua chaja umelipia mafuta ya ndege iliyobeba hewa.

Sasa mbona iko hivyo? Hapa watu wanapenda jibu moja la haraka: siasa. Siasa iko, lakini kuna fizikia pia, na nimeifuata YouTube mpaka nikaielewa, kwa hivyo mnivumilie.

Eldoret uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. JKIA iko kama 1,600 na kitu. Huku juu hewa ni nyepesi. Ndio maana dunia nzima inakuja kukimbia Iten, mwili unajifunza kubana matumizi ya hewa, halafu ukishuka chini unapepea. Lakini ndege haiendi kambi ya mazoezi. Hewa ikiwa nyepesi, injini inatoa nguvu kidogo na mabawa yanashika hewa kidogo, kwa hivyo inahitaji kukimbia chini kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Fikiria nduthi imebeba watu wawili na gunia la viazi, ikipanda Tambach kutoka Kerio. Itafika, lakini mtu mmoja itabidi ashuke. Hewa nyepesi kama ile ile iliyotupa mabingwa ndiyo inaambia rubani wa ndege kubwa: ukitaka kuondoka hapa na mafuta ya kukufikisha Ulaya, punguza mzigo. Na ukitaka mzigo, punguza mafuta. JKIA iko chini zaidi na bado njia yake ni ndefu zaidi, kilomita 4 na ushei.

Basi kila msimu wa siasa anakuja mtu na kofia na kuahidi kurefusha njia. Nimekua nikisikia hiyo ahadi. Makofi, nyimbo, helikopta inaondoka, vumbi linabaki. (Helikopta haihitaji njia ndefu, labda ndio maana hawana haraka.)

Lakini hapa ndipo mimi naachana na watu wengi wa huku nyumbani. Wao wanasema: refusha njia kwanza, mzigo utakuja. Mimi nasema hapana. Ukimwaga mabilioni kwa njia ya kilomita 4 na huna tani hata moja ya uhakika ya kupakia kila wiki, umejenga mahali pazuri pa kuchezea video za TikTok. Kenya tumeshaona hiyo sinema. Isiolo walijengewa jengo la abiria la kung'aa, likafunguliwa 2017, na njia ya kurukia ya kilomita 1.4 ambayo ndege kubwa ya mizigo haiwezi hata kuiangalia. Miraa ya jirani zao Meru ikaendelea kukimbizwa Nairobi na zile pickup, si mnazijua.

Njia ya Eldoret haifiki Ulaya na mzigo kamili. Sawa. Nani alisema lazima twende Ulaya? Dubai ni karibu nusu ya umbali wa Amsterdam ukipima kutoka hapa. Safari fupi inataka mafuta kidogo, mafuta kidogo yanaacha nafasi ya mzigo. Na zile ndege zinatoka wapi zikija? Si huko huko Ghuba. Zinajua njia ya kurudi.

Sasa swali ni Ghuba wanataka nini tuko nacho. Parachichi wanataka, na wakulima wengi Uasin Gishu na Nandi wamechoka kubembeleza mahindi, wameanza kupanda parachichi. Shida ya parachichi ni kwamba linavumilia meli, kwa hivyo mwenye akili atalipeleka Mombasa kwa kontena, ni bei nafuu. Hapo nakubali. Lakini kuna kitu kimoja kisichoweza kungoja meli vizuri, Ghuba wanakinunua kwa hamu, na sisi tumezungukwa nacho: mbuzi.

Nyama ya mbuzi na kondoo ya Kenya inaenda Ghuba kwa ndege, ikiwa imepozwa tu bila kugandishwa, kwa sababu mteja wa kule anataka nyama iliyochinjwa juzi. Biashara hiyo iko, si ndoto yangu. Mbuzi wenyewe wengi wanatoka wapi? Kaskazini. West Pokot, Turkana, Baringo. Nenda Chepareria siku ya soko uone. Mbuzi anapandishwa lori pale, anapita Kitale, anapita Eldoret, anapita Nakuru, anafika Nairobi ameishiwa na nguvu na amepungua kilo, wengine wameshakanyagwa njiani. Anachinjwa huko, anapandishwa ndege huko. Alipopita Eldoret alikuwa kama kilomita 16 kutoka kwa ndege inayorudi Ghuba tupu.

West Pokot kuna machinjio ya Nasukuta, yalianza kujengwa miaka mingi imepita, na lengo lilikuwa hilo hilo la nyama ya kuuza nje. Mchinje mbuzi Nasukuta, muiweke nyama kwa lori la friji, na saa chache baadaye iko Kapseret. Hiyo ndiyo stori ningetaka kusikia magavana wa huku wakikaa kitako kuipanga: wa Uasin Gishu, wa West Pokot, wa Trans Nzoia, wa Nandi. Lakini kila mmoja anataka kukata utepe wake mwenyewe, kwa kaunti yake mwenyewe, na ndege haijali mpaka wa kaunti.

Kuna watakaosema najifanya mtaalamu. Jibu la ukweli ni kwamba JKIA ina faida ambazo huwezi kuzipita kwa siku moja. Kule ndege ziko kila saa, hata ndege za abiria zinabeba maua chini ya viti vyetu. Mawakala wako pale, wanunuzi wako pale, wakaguzi wa KEPHIS wako pale usiku na mchana. Mwenye shamba akikosa ndege ya saa mbili anapata ya saa nne. Akikuja Eldoret akikosa ndege ya Jumanne, maua yake ni chakula cha ng'ombe. Mimi nikiwa mwenye shamba pia ningepeleka Nairobi. Ndio maana nasema mtu mmoja mmoja hawezi kuanzisha hii kitu. Mkulima anangoja ndege, mwenye ndege anangoja mzigo, mwenye chumba baridi anangoja wote wawili, na kila mtu ana haki ya kungoja. Lazima kuwe na mtu wa kusema: kila Jumanne, tani kadhaa, tumekusanya kutoka kwa fulani na fulani, na zikipungua sisi tutalipa pengo. Huyo mtu ni serikali, ya kaunti ama ya kitaifa. Kazi hiyo ni ya bei rahisi sana ukilinganisha na kilomita moja ya simiti ya ndege. Na mkishajaza hiyo Jumanne mwaka mzima, njooni sasa mniambie habari ya kurefusha njia, nitawapigia video bure.

Kuna mji Ubelgiji unaitwa Liège. Mji wenyewe hauna hata watu 200,000. Eldoret kwa sensa ya 2019 ilikuwa na zaidi ya 475,000, na Agosti 2024 tukapewa hati ya kuwa jiji. Uwanja wa Liège uko kati ya viwanja vikubwa zaidi vya mizigo Ulaya. Haukushindana na Brussels kwa abiria. Ulikaa ukasema sisi tutafanya kazi usiku wakati wengine wamelala, sisi tutabeba mizigo, basi. Miaka ya tisini kampuni ya TNT ikaweka kituo pale, wengine wakafuata. Wapo majirani wanaolalamika hawalali kwa sababu ya kelele, na nawaonea huruma. Lakini ile ni kelele ya ndege ambazo hazikuja kutalii.

Mimi naangalia mbogi yangu hapa Langas na Kapsoya. Kuna wenye digrii ya kilimo wanauza mitumba. Kuna aliyesomea mambo ya forodha anaendesha nduthi. Watu tunawapeleka Ghuba mmoja mmoja, na mkopo wa wakala shingoni, kwenda kuosha nyumba za watu. Ndege moja ya mizigo inayotoka imejaa inataka wapangaji, wapimaji, mafundi wa friji, madereva, walinzi, makarani wa forodha, daktari wa mifugo wa kupiga muhuri, na mama wa chai saa kumi usiku. Ndege inayotoka tupu inataka tu mtu wa kufunga mlango.

2027 haiko mbali. Atakuja msee na kofia, atasimama juu ya gari pale Kapseret, atasema "tutarefusha njia ya ndege". Usimpigie makofi bado. Muulize Jumanne ya kwanza itapakiwa nini, tani ngapi, kutoka kwa nani, na nani atalipa ikipungua. Muulize Nasukuta imefika wapi. Akianza kuimba, zima kamera.

Wiki ijayo nafuata lori la mbuzi kutoka Chepareria hadi Nairobi, nihesabu saa, vizuizi na kila shilingi inayotoka njiani. Kama wewe ni dereva wa hiyo njia na una nafasi pale mbele, nishtue. Chai ni juu yangu.